Shuka la Kona Wazi

Shanwe, Mpanda
10 Machi 2024

Mdogo wangu Upendo,

Salamu za nyumba hii zinaanzia jikoni: mimi, shemeji yako Krispini, na mwanangu Leticia, ambaye anauliza mama mdogo atakuja lini na kama atakuja na zile biskuti. Tunaendelea. Mvua imetunyeshea hadi imetuchosha, na wiki iliyopita barabara ya kijijini kwetu Kasansa ilikuwa ya trekta tu. Kaka Thadei alipita na gunia la mpunga, akasema karanga zimestawi ila ngiri wamezifanya zao. Mama yuko hapa kwangu kwa muda. Anakula, anaimba nyimbo za kwaya, ananigombeza kwa sababu ya chumvi. Anakusalimu sana.

Najua unashangaa, mtu kukuletea barua dunia hii ya simu. Nikikupigia unasema, "Dada, niko kikaoni." Nikikutumia ujumbe unanijibu kwa picha ya kidole gumba. Kidole gumba nitamsomeaje mama? Barua anapenda nimsomee, na mwenye barua hakatiki katikati ya maneno. Kwa hiyo hii naiweka ndani ya mashuka ninayokutumia, nampa kondakta wa basi, nawe ukifungua mashuka utaikuta.

Sasa shida yangu. Kazi yako huko ni kufundisha wasanii na wajasiriamali namna ya kuuza vitu vyao. Siku walipokuhoji redioni Krispini alizima mashine ya kusaga, wateja wakasubiri na ndoo zao, tukakusikiliza hadi mwisho. Basi nifundishe na mimi. Nadarizi mashuka tangu sijaolewa, na Shanwe nzima wanasema Kasilda ana mkono. Mkono wanausifu, mashuka hawanunui. Duka la sokoni nilikoyapeleka wameyaweka chini ya yale ya kiwandani, mteja mpaka ainame ndipo ayaone. Juzi mwenye duka ananishauri nidarizi mawaridi makubwa mekundu kama wenzangu. Nilirudi nyumbani nimekasirika, nikadarizi ua la karanga, dogo kuliko yote niliyowahi kudarizi.

Nijibu kama unavyowajibu watu baki, usinionee aibu.

Na mchumba wako Hilari mzima? Tangu ndugu zake waje kujitambulisha wakati wa Krismasi, mama anamtaja kila siku. Anauliza harusi itakuwa huku au huko. Nimemwambia sijui, kwa sababu sijui.

Dada yako,
Kasilda

*

Mbezi, Dar es Salaam
2 Aprili 2024

Dada yangu mpenzi,

Shikamoo, na shikamoo ya mama umfikishie kwa mikono miwili. Shemeji naye, na mwambie Leticia biskuti zimo ndani ya mfuko wa nyuzi ninaomrudishia kondakta.

Kifurushi chako nilikifungulia mlangoni, kiatu kimoja bado kiko mguuni. Ikatoka harufu ya moshi wa jiko lako na ya karanga za kukaanga, nikakaa chini palepale. Hilari akauliza kama kuna msiba. Nikamwambia hapana, ni nyumbani. Sijui kama alinielewa. Huku watu ni wengi, lakini hakuna hata mmoja anayenuka moshi wa nyumbani kwetu.

Haya, somo. La kwanza litakuuma: toa mashuka yako kwenye duka lile. Pale unashindana na kiwanda, na kiwanda hakichoki. Shuka lako halinunuliwi na kila mtu, na wala usitake linunuliwe na kila mtu. Jiulize nani analihitaji hasa. Mimi nadhani si bibi harusi, ni mama wa bibi harusi, yule anayemwandalia mwanawe vitu vya kuondoka navyo. Huyo haendi dukani kutafuta bei, anatafuta kitu cha kujivunia. Mfuate kanisani, kwenye vikundi vya akina mama, kwenye vikao vya harusi.

Usidarizi mawaridi. Waridi lipo kila mahali. Ua la karanga nani mwingine analo? Hilo ndilo jina la biashara yako, nimeshakupatia bure. Piga picha asubuhi, karibu na dirisha, shuka likiwa limetandikwa kitandani, lisiwe limeanikwa juu ya turubai. Chini ya picha usiandike "bei maelewano", maana anayesoma hivyo anajiandaa kugombana. Andika limedariziwa na nani, kwa siku ngapi, na ua lile linatoka shamba gani. Watu hawanunui uzi tu, dada, wananunua na mkono ulioushika. Na pokea malipo ya awali hata kwa ndugu, hasa kwa ndugu.

Jambo moja nawaambia wanafunzi wangu wote na wewe ulishike: usimfanye mteja aulize maswali. Akiona kasoro ataondoka kimyakimya. Wewe ukiiona kabla yake, itatue, usingoje.

Ila mimi nina swali. Mama anafanya nini Mpanda wakati huu wa kung'oa karanga? Mama huyuhuyu aliyekataa kulala mjini hata siku Leticia anabatizwa?

Kuhusu harusi, ni baada ya Pasaka ya mwakani. Ndugu wengi wa Hilari wako huku, na ukumbi mzuri tumeshauona. Tutaongea vizuri.

Mdogo wako,
Upendo

*

Shanwe, Mpanda
19 Mei 2024

Mwalimu Upendo,

Pokea salamu za darasa zima. Mwanafunzi wako amefanya kazi zote za nyumbani, akakosea moja tu. Picha za kwanza nilizipigia nje, na mbuzi wa jirani akaingia nyuma. Nikazituma kwenye kundi la akina mama wa parokia. Watatu wakauliza bei ya mbuzi.

Nikarudia dirishani kama ulivyosema. Hapo ndipo mambo yalipobadilika. Mama mmoja wa Kasekese anayemwoza binti yake akaagiza, shemeji yake akaona, akaagiza na yeye, ikawa hivyo. Nimemchukua Doto, yule binti jirani mwenye kucheka ovyo, ananisaidia pindo na foronya. Jina la Ua la Karanga mama alipolisikia alicheka mpaka akashika mbavu. Anasema maisha yake yote amelima karanga na hakujua kuwa alikuwa analima jina la biashara. Mwenye duka sokoni sasa ananiletea wateja mwenyewe na kuniita "mama wa karanga". Nimemsamehe, lakini taratibu.

Kwa hiyo asante, mdogo wangu. Nilidhani maneno ya redioni ni ya redioni. Kumbe yanatembea hadi Shanwe.

Umeuliza habari za mama. Mama hajambo. Asubuhi jua likiwa zuri anakaa dirishani anadarizi kidogo, halafu anapumzika. Kaka Thadei anang'oa karanga na mke wake. Ndiyo hivyo.

Nakutumia mzigo wa maonesho ya Julai uliyoniambia kwenye simu. Mashuka yote yamekunjwa pamoja, ila kuna moja liko peke yake ndani ya kitenge cha mama, kile cha zamani cha kijani, alichokuwa anakubebea mgongoni. Hilo lifungue ukiwa umetulia. Litazame lote, kona hadi kona. Ukiwa na la kuuliza, uliza.

Dada yako,
Kasilda

*

Mbezi, Dar es Salaam
16 Julai 2024

Dada Kasilda, mwanamke wa biashara,

Shikamoo ya haraka haraka kwa mama na kwako, maana nina habari njema. Maonesho yamekwisha na sina hata foronya moja ya kukurudishia!

Watu walisimama, dada. Walisoma vile vikaratasi nilivyoandika, walishika maua, wakauliza Katavi iko upande gani. Nikawaambia iko kule ambako moyo wangu umebaki, wakadhani ni maneno ya biashara.

Na lile la kitenge! Wewe sasa umenipita mwalimu wako. Kumfungia mteja shuka la harusi ndani ya kitenge chenye historia, hilo hata mimi sijawahi kulifundisha. Nililiweka mbele, juu ya meza. Lilikuwa zuri kuliko yote. Lile ua la katikati lina kitu ambacho sijui nikiiteje, kama aliyelidarizi alikuwa anaaga. Nilipolikagua nikakuta kona moja haijaisha, pindo liko wazi na nyuzi zinaning'inia. Nikajua umechoka au basi lilikuwa linaondoka. Usijali, nilimpelekea fundi wa cherehani wa hapa mtaani, Arcade, akaimaliza siku hiyohiyo, wala huwezi kujua ipi ni ya nani. Likawa la kwanza kununuliwa. Mama mmoja wa Kigamboni, Mama Specioza, alilichukua kwa ajili ya binti yake pamoja na kitenge chake.

Picha yake niliyoibandika mtandaoni imeleta maombi mengi. Wanataka lilelile, na ua lilelile. Usikatae!

Nimeitoa kubwa studio na kuiwekea fremu, namtumia mama aitazame. Mwambie ni kazi ya nyumba yake, na Dar es Salaam nzima imeiona. Natamani ningeuona uso wake anapoitazama.

Upendo

*

Shanwe, Mpanda
8 Septemba 2024

Upendo,

Tumepokea mzigo wako na pesa za mauzo. Tunashukuru. Leticia amefunga shule. Krispini amebadilisha jiwe la mashine.

Picha imefika. Mama ameishika.

Maombi ya lile shuka siyapokei. Mengine nitadarizi, Doto nimemwongezea kazi, hakuna mteja atakayecheleweshewa. Lile hapana. Liondoe na kwenye matangazo, tafadhali.

Kiangazi ni kikali mwaka huu.

Kasilda

*

Mbezi, Dar es Salaam
25 Septemba 2024

Dada,

Shikamoo. Barua yako nimeisoma mara nyingi kuliko urefu wake.

Mwanzo nilikasirika, nikaanza kukuandikia kama mwalimu: kwamba msanii akipata kitu kinachopendwa halafu akakikataa anajifungia mlango, kwamba wengi wanalilia bahati hiyo. Nikaichana. Ningekuwa naandikia mtu wa redioni. Wewe ndiye uliyenisuka nywele siku ninakwenda shule ya bweni Tabora, na ulinisuka zikiuma ili nisizifumue haraka. Kama umenyamaza namna hii, kuna mahali nimekukanyaga.

Picha nimeiondoa. Shuka lile nimelitazama tena kwenye simu, kona hadi kona, kama ulivyoniambia nikiwa sijalifungua. Ua lile si mkono wako. Wewe majani unayalaza kulia. Na kona ile iliyokuwa wazi, mwenyewe huwa huwezi kulala kama uzi unaning'inia.

Basi nauliza, dada. Naomba usinijibu kwa habari za kiangazi. Kwa nini kona ile haikuwa imeisha? Na mama ana nini?

Nimewakumbuka nyie hadi naumwa. Sijui nimeingiaje kwenye maisha haya ya kuwakumbuka watu ambao njia ya kuwafikia ipo.

Mdogo wako,
Upendo

*

Shanwe, Mpanda
20 Oktoba 2024

Mdogo wangu,

Mawingu yameanza kukusanyika upande wa Kasansa na kaka Thadei ameshaandaa mbegu. Sisi wote ni wazima isipokuwa lile nitakalokuambia. Barua yako nilimsomea mama. Nilipofika kwenye swali la kona akaniambia, "Rudia hapo." Nikarudia. Akasema, "Sasa mwambie."

Upendo, kwetu sisi, upande wa mama na wa bibi aliyemzaa, shuka la harusi la binti wa nyumba linamalizwa kona tatu. Ya nne inaachwa. Binti hapewi maelezo. Analetewa, analitazama, na siku atakayouliza, "Mbona kona hii haijaisha?", anajibiwa, "Njoo tuimalize." Basi anakuja. Anakaa katikati ya mama yake na dada yake, au shangazi kama dada hana, wanashona kona ile watatu, na ndiyo siku anayoambiwa mambo ambayo hayasemwi siku nyingine. Mimi niliimalizia Kasansa, kwenye mkeka nyuma ya ghala. Wewe ulikuwa Tabora shuleni. Mama aliniambia habari za ndoa yake na baba ambazo sikuwa nazijua, nikalia, akalia, tukacheka, na uzi ukaisha ikabidi akachomoe mwingine kwenye gauni lake. Siku ile ndiyo niliyoolewa, kanisani tulikwenda kutangaza tu.

Shuka la kwenye kitenge cha kijani lilikuwa lako. Ulitakiwa uulize. Hukuuliza, ulitatua. Na sikulaumu kwa kutojua, maana anayejua mapema hawezi kuuliza kwa kweli. Kwa hiyo najilaumu mimi niliyeliweka katikati ya mzigo wa biashara, nikaamini kitenge kitasema. Wewe umefundishwa kwamba uzi unaoning'inia ni kasoro. Labda ni mimi niliyekupa kazi ya kuuza halafu nikategemea uwe mtoto wa nyumbani kwa wakati mmoja.

Sasa la mama. Ni presha ya macho. Alianza kujigonga kwenye milango ya ghala, kaka Thadei akidhani ni uzee. Hospitali walisema kilichokwisha kupotea hakirudi, dawa ni ya kulinda kilichobaki. Kilichobaki kilikuwa kidogo. Ndiyo maana yuko kwangu. Lile ua la katikati alilidarizi yeye, pale dirishani, akishindana na jua lisihame. Alikuwa anatia uzi kwenye sindano kwa ulimi na vidole. Ndilo la mwisho. Sasa hivi dirisha analijua lilipo kwa sababu ya mwanga, basi.

Alinikataza kukuambia. Alisema, "Aje kwa sababu ya shuka, asije kwa sababu ya macho yangu." Nilikubali kwa sababu nilijua utaliona shuka na utakuja, naye alikuwa bado anaona kidogo, angekuona umekaa hapo unashona.

Picha yako ilipofika aliiweka mapajani, akapitisha vidole kwenye kioo, akasema, "Ni laini tu. Ua liko wapi?" Nikamshika kidole nikamwekea mahali ua lilipo.

Nina hasira na wewe, Upendo, na nimekukumbuka mpaka nakasirika zaidi. Usije ukiwa unalia. Mama hataki machozi kwa ajili ya macho yake.

Biashara inaendelea vizuri. Hilo nalo ni kweli, na ni kwa sababu yako.

Dada yako,
Kasilda

*

Mbezi, Dar es Salaam
1 Desemba 2024

Dada yangu,

Shikamoo, na mama shikamoo. Nimechelewa kujibu na nitakuambia sababu, ila kwanza nikuambie nilikokwenda.

Nilikwenda Kigamboni kwa Mama Specioza. Nilikuwa nimejipanga kama kwenda kwa mteja mkubwa, nimevaa vizuri, nina maneno tayari: nitamrudishia gharama zote, nitampa mashuka mengine mazuri. Akanikaribisha chai. Binti yake aliolewa Agosti, akaondoka na shuka kwenda Mwanza kwa mumewe. "Amelilalia siku ya harusi yake," akaniambia. "Nitamwambiaje mwanangu alitoe kitandani?" Mimi mwenyewe ndiye niliyemwambia kwenye maonesho kwamba shuka la Ua la Karanga likishaingia nyumbani halitoki.

Nikamweleza ukweli wote, habari ya kona na habari ya mama. Yule mama akainuka, akaingia ndani, akarudi na kitenge cha kijani. Alikuwa anafunikia cherehani yake. Alikuwa amekifua, dada, lakini nilipokiweka usoni, chini ya sabuni, bado kuna kitu chetu. Nililia kwenye kivuko mpaka mtu akanipisha kiti.

Sasa sababu ya kuchelewa. Nilikuwa najifunza kudarizi. Usicheke. Nilikwenda kwa Arcade anifundishe, akasema yeye ni wa cherehani, mkono haujui, akanipeleka kwa mke wake Aurélie. Ndiye aliyenishika vidole. Nimejichoma kiasi kwamba Hilari amejifunza kunitilia uzi kwenye sindano, na anatilia vizuri kuliko mimi. Siku moja akaniuliza kwenu harusi zinafanyikaje. Mwaka mzima hajawahi kuniuliza, na mimi mwaka mzima sijawahi kumwambia. Ukumbi nimesema usubiri.

Ua nimelinakili kutoka kwenye ile picha. Ndiyo faida pekee iliyobaki ya picha ile. Petali moja imekuwa nene na shina limepinda, linaonekana kama karanga iliyokosa mvua. Kama angeniletea mwanafunzi wangu ningemwambia usiliweke sokoni.

Nakutumia shuka lenyewe, limefungwa ndani ya kitenge. Safari hii si la kuuza. Mpe mama alishike lote, kona hadi kona. Usimwambie kitu chochote. Nakuomba, dada, hata akikubembeleza.

Mdogo wako,
Upendo

*

Shanwe, Mpanda
29 Desemba 2024

Mdogo wangu,

Krismasi tumekula bila wewe, kuku alikuwa mgumu na mvua ikanyesha kuanzia misa hadi chakula. Kaka Thadei alikuja na familia yote. Leticia anakuimbia wimbo aliofundishwa, lakini hauandikiki.

Kifurushi kilifika kondakta akiwa amekikalia. Nilimwekea mama mapajani pale dirishani. Kabla hajakifungua alikivuta kitenge akakinusa. Akasema, "Hiki si nilimbebea Upendo?" Nikanyamaza kama ulivyoniagiza, na unajua kunyamaza kunavyonipa shida.

Akakunjua shuka. Vidole vikatembea hadi katikati, vikalikuta ua. Alikaa hapo muda mrefu. Akalizunguka petali kwa petali, akafika kwenye ile nene, akaanza kutabasamu. "Nani huyu kadarizi kwa jembe?" Doto akacheka hadi akatoka nje. Mama akapitisha kidole tena kwenye shina, akasema taratibu, "Si mkono wako, Kasilda. Mkono wako naujua. Huu haujawahi kushika sindano, lakini umelijua ua langu."

Halafu akaenda kwenye kona. Ya kwanza akaibana, akaiacha. Ya pili. Ya tatu ina fundo kubwa, akalivuta, likakaa imara. Alipofika kwenye ya nne mkono ukasimama. Aliziokota nyuzi moja moja, akazihesabia kwenye kidole gumba, akainua uso kwenye mwanga wa dirisha.

Akasema, "Mbona kona hii haijaisha?"

Upendo, kona yangu niliiulizia mwenyewe, nimedarizi mashuka ya mabinti wa watu Mpanda nzima, lakini sijawahi kusikia mama akiuliza na binti akiulizwa. Krispini alikuwa mlangoni, akavua kofia. Mama akauliza tena, na safari hii alikuwa analia na kucheka. Mimi sikujibu. Jibu si langu.

Shuka hajaliachia. Anakaa nalo dirishani, kona mkononi, na mtu akipita barabarani ananyamaza asikilize.

Dada yako,
Kasilda

*

Mbezi, Dar es Salaam
9 Januari 2025

Mama yangu,

Shikamoo.

Njoo tuimalize. Ndivyo ninavyotakiwa kukujibu, lakini safari ni ndefu kwako, kwa hiyo nakuja mimi. Ofisini wamenipa likizo. Hilari atafuata na wazee wake baada ya Pasaka, na tutafungia ndoa kanisani Kasansa, mbele ya watu wanaojua karanga inavyochanua. Nyuzi ninazo, za njano na za kijani. Sindano uchague wewe.

Nataka nikae katikati yenu. Nataka uniambie yale uliyomwambia dada nyuma ya ghala, yote, hata yale ya kuniliza. Nimefundisha watu wengi namna ya kuongea, sasa naomba ninyamaze nikusikilize wewe.

Barua hii simpi kondakta, na dada hatakusomea. Napanda nayo basi kesho, na nitakusomea mwenyewe.

Mwanao,
Upendo